Siku Baba Alipomwamkia Mtoto wa Darasa la Tano

Nimeaibika leo, jamani, na sina wa kumsingizia. Nimeaibika Katesh, ukumbini, mchana kweupe, nikiwa nimevaa gauni nililolipiga pasi mara tatu. Naandika haya nikiwa kwa shangazi. Wenye haraka ya kucheka wangoje nimalize, maana kosa lenyewe lina umri wa miaka mitatu.

Kwa msionijua: mimi ni wa Tlawi, Mbulu, nalima vitunguu saumu na Baba. Nacheza chesi, ule mchezo ambao wazee wa Pwani waliuita sataranji. Hakuna aliyenifundisha. Nilipomaliza kidato cha nne niliokota kitabu kwenye boksi la vitabu vilivyokuwa vinangoja kuchomwa moto pale parokiani. Cha Kiingereza, hakina jalada, panya wamekitafuna pembeni. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Mimi ni mtu wa kufanya jambo likamilike au nisilale. (Mara nyingi silali.) Nikaandika kanuni zote kwa Kiswahili kwenye karatasi ya manila, nikazipa namba. Kisha nikaichana na kuandika upya kwa sababu mstari wa saba ulikuwa umepinda.

Mwanafunzi wangu wa kwanza, na wa pekee, alikuwa Baba.

Mama alikuwa amefariki mwaka ule. Baba, ambaye zamani alikuwa hodari wa drafti pale mashine ya kusaga, aliacha kwenda mashineni. Aliacha karibu kila kitu kinachohitaji mdomo. Kutwa nzima alikuwa anasema "chai," "mvua," na "haya, kalale." Basi. Jioni moja nikamwekea ubao mezani bila kumuuliza. Kesho yake alianza kuchonga kete kwa mti wa mringaringa. Ngome zake ni nyumba za tembe, paa bapa kabisa. Farasi wake ni punda, kwa kuwa punda ndiye anayemfahamu.

Wakati anachonga nilikuwa namsimulia historia. Kwamba mchezo ulianzia India, na kete zilikuwa jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Ukaenda Uajemi, Waarabu wakauchukua, ukafika Ulaya. Kwamba huyu tunayemwita askofu mwanzoni alikuwa tembo, ila Wazungu walipoiona ile kete yenye pembe mbili wakadhani ni kofia ya askofu.

Baba aliacha kuchonga. Akafikiri.

"Kwa hiyo tembo alibatizwa na kupewa uaskofu siku hiyo hiyo," akasema. "Hata ukatekista hakupitia."

Hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu mazishi. Nikakimbilia jikoni kulia, nikasingizia moshi.

Nikamwambia pia kwamba malkia zamani alikuwa waziri tu, akienda hatua moja moja ya mshazari, na kwamba ilichukua miaka mingi sana hadi akawa kete yenye nguvu kuliko zote. Baba akaitazama ile kete mkononi mwake. "Hata mama yako alianza hivyo hivyo," akasema.

Sasa tuje kwenye kosa.

Ukurasa mmoja wa kitabu changu ulieleza jinsi ya kumtishia mfalme. Mstari wa mwisho ulisema, kwa tafsiri yangu: "Unapomtishia mfalme wa mwenzako, ni desturi kumwambia." Kisha ukurasa unaishia kwenye meno ya panya. Unaofuata haupo.

Kumwambia nini?

Niliwaza siku mbili. Niliwaza nikipalilia, nikawaza kanisani. Hatimaye nikajiuliza: mtu anapomfikia mkubwa, tena mfalme, kwa desturi anamwambia nini? Nikaona jibu liko wazi mno mpaka nikajicheka kwa kuchelewa. Nikaandika kwa herufi kubwa: KANUNI YA KUMI NA MOJA. MFALME HAGUSWI BILA SALAMU. Anayemtishia mfalme aseme "shikamoo." Mwenye mfalme aitikie "marahaba." Bila salamu na kiitikio, hatua haijakamilika.

(Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nihurumieni.)

Mara ya kwanza Baba kunitishia mfalme, alivua kofia, kama avuavyo akikutana na wazee wenzake, akaniinamia mimi, mtoto wake wa mwisho, akasema, "Shikamoo." Nikakaza uso nikajibu, "Marahaba, mwanangu." Baba alicheka mpaka ubao ukaanguka. Alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilikuwa nimesahau kwamba Baba ana pengo upande wa kushoto, kwa sababu pengo hilo huonekana anapocheka tu.

Tangu siku ile tunacheza kila jioni, na kanuni ya kumi na moja ndiyo aipendayo kuliko zote.

Mwaka jana nikanunua simu ya kugusa. Nikapakua chesi. Nikamtishia mfalme wa simu, nikangoja. Simu haikusalimia wala kuitikia. Nikasoma, nikasoma tena, nikasoma mpaka chaji ikaisha. Zamani watu walikuwa wanasema "shah," yaani mfalme kwa Kiajemi, kumwonya mwenzao. Siku hizi kwenye mashindano hakuna anayesema kitu. Watu wanacheza kimya.

Hapa ndipo pa kukiri. Nilijua mwaka mzima na sikumwambia Baba. Nilijaribu. Siku moja nilianza, "Baba, ile kanuni ya salamu..." Akanikatiza: "Hiyo ndiyo inayonionyesha kuwa waliotunga huu mchezo walikuwa watu wenye adabu." Nikamwongezea chai.

Basi, leo.

Kulikuwa na mashindano ya chesi hapa Katesh, yameandaliwa na walimu fulani wapenda mchezo, ukumbi mmoja karibu na soko. Nilijiandikisha mapema, peke yangu. Baba akasema atanisindikiza, amsalimie pia dada yake, yaani shangazi. Tukafika jana. Asubuhi nikapiga pasi gauni. Nikapiga tena. Shangazi akasema, "Wewe, hilo gauni lina homa?" Nikapiga mara ya tatu.

Mlangoni pa ukumbi palikuwa na meza ya majina. Mwamuzi alikuwa dada mmoja mrefu kutoka Babati, mwenye fulana nyeupe na filimbi ambayo sikuelewa ni ya nini. Nikataja jina langu. Akaweka alama. Nikageuka kumtafutia Baba kiti cha watazamaji.

"Andika na mimi," Baba akasema.

Nikasahau kiti.

"Mzee unacheza?" yule dada akauliza kwa furaha. "Karibu sana. Una uzoefu?"

"Miaka mitatu, kila jioni isipokuwa Ijumaa Kuu," Baba akajibu. "Mwalimu wangu ni huyu."

Akanionyesha kwa kofia. Nikaona ametia mafuta viatu. Ametia mafuta viatu usiku bila mimi kujua. Alikuwa amepanga. Baba, ambaye kwa miaka mitatu hakukaa kwenye kundi la watu zaidi ya ibada, alikuwa amepanga kuja kucheza mbele ya umati, na sababu ilikuwa mimi.

Nikamvuta pembeni. "Baba, kuna jambo kuhusu kanuni."

"Mama," akasema (ananiita hivyo, nina jina la mama yake), "usinifundishe mlangoni kama mtoto wa mtihani. Nazijua zote kumi na tisa."

"Baba, ile ya kumi na moja..."

Filimbi ikalia. (Kumbe ilikuwa ya hilo.)

Mimi nikapangiwa meza ya tatu na kijana fundi redio wa hapa hapa mjini. Baba meza ya nne, ubavuni kwangu kabisa. Mpinzani wake alikuwa Zuhura, wa darasa la tano, amevaa hijabu nyeupe ya shule, miguu haifiki chini. Mama yake, mwenye duka la vitambaa, alikuwa mstari wa mbele wa watazamaji na chupa ya uji.

Zuhura aliteremka kitini, akasema shikamoo kwa heshima zote, Baba akaitika. Akapanda tena, kisha kwa kutojiamini akarudia, "Shikamoo, babu." Baba akaitika tena. Mchezo ukaanza.

Sijawahi kumwombea Baba mabaya. Leo nilimwombea. Niliomba acheze vibaya. Niliomba asimkaribie yule mfalme hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nahamisha kete zangu bila kuzitazama, na kwa maajabu nilikuwa nashinda. Fundi redio alikuwa amebakiwa na ngome moja na huzuni.

Baba alicheza vizuri. Alicheza vizuri kuliko siku zote, Mungu anisamehe. Hatua ya kumi na mbili akamwinua farasi, akamzungusha ile njia yake ya kona, akamtua. Mfalme wa Zuhura akawa hatarini.

Baba akavua kofia. Akainama mbele ya yule mtoto.

"Shikamoo," akasema.

Zuhura akageuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Shikamoo, mfalme," Baba akarudia, kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka.

Hapa kama umelelewa kwetu unajua. Mtu mzima akimwamkia mtoto, ujue mtoto amepita bila kusalimia na sasa anafedheheshwa. Ndivyo tulivyochapwa bila fimbo sote. Zuhura akajua amefedheheshwa. Akashuka tena kitini, akapiga goti kidogo, akasalimia mara ya tatu. "Shikamoo, babu."

"Hapana, mjukuu wangu. Wewe itikia tu."

Aitikie nini? Aseme "marahaba" kwa mzee mwenye mvi, mama yake akiwa palepale? Angeona afadhali ale ubao. Chozi likadondoka juu ya askari wake.

Mama yake alikuwa amesimama. "Zuhura, hukumsalimia mzee?"

"Nilimsalimia, mama. Mara tatu."

"Mzee," mama akasema, kwa adabu iliyokaza, "shikamoo. Mtoto wangu amekukosea nini?"

"Marahaba. Hajakosea kitu, mwanangu. Mtoto mzuri sana. Namngoja aitikie nimalize hatua yangu."

Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kucheza. Mwamuzi akaja.

"Mzee, hairuhusiwi kuongea na mpinzani."

"Siongei. Nacheza."

"Unamwamkia mtoto."

"Simwamkii mtoto, namwamkia mfalme. Kanuni ya kumi na moja. Mfalme haguswi bila salamu."

Kicheko kilianzia nyuma. Mtu akasema, "Chesi ya Mbulu hiyo, ina hata sala ya kufungia." Mwingine akamuuliza Baba kama malkia naye hupelekewa zawadi. Baba hakukasirika. Alisubiri wamalize, kofia kifuani.

"Binti yangu amekisoma kitabu chenyewe," akasema. "Yupo hapa. Muulizeni."

Nyuso zote zikanigeukia.

Nawaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni uongo. Nilisimama nikaanza, "Kwa kweli, huko Uajemi ya kale..." na nilikuwa tayari kuendelea hadi India. Mwamuzi akauliza, "Walikuwa wanasema shikamoo?" Nikamtazama Baba. Alikuwa ananitingishia kichwa, kunitia moyo, kama mzazi siku ya mahafali.

"Hapana," nikasema. "Walikuwa wanasema 'shah.' Shikamoo niliiweka mimi. Ukurasa ulikuwa umeliwa na panya. Kanuni hiyo haipo popote duniani, ila nyumbani kwetu." Nikawageukia watazamaji. "Na nimelijua hilo tangu mwaka jana. Baba hajui. Baba amecheza kama nilivyomfundisha. Kosa ni langu."

Kwa kusema hivyo nikarusha mkono kujinyooshea kidole, na mkono wa gauni (uliopigwa pasi mara tatu) ukamgonga mfalme wangu. Mfalme akalala chali.

Kwenye chesi, ukimlaza mfalme wako umekubali kushindwa.

Fundi redio akainuka haraka sana. "Asante kwa mchezo, dada," akasema, na kunipa mkono. Sikubisha. Nilikuwa sina uso wa kubishia.

Baba hakunitazama. Alivaa kofia polepole. "Bila salamu mchezo unaendelea?" akamuuliza mwamuzi.

"Unaendelea, mzee. Hatua yako ni halali kabisa."

"Mjukuu wangu," akamwambia Zuhura, "nisamehe. Nilifundishwa vibaya. Hamisha mfalme wako."

Nilifundishwa vibaya. Nilikaa na maneno hayo mawili hadi mwisho wa mchezo, na mchezo ulikuwa mrefu. Baba alimtishia yule mfalme mara mbili zaidi. Kila mara mkono wake ulienda kwenye kofia, ukaishia njiani, ukarudi. Alianza kukosea. Zuhura alikuwa ameshakausha macho, na yule mtoto anacheza, msimdharau. Alipomtishia mfalme wa Baba kwa mara ya kwanza, nilimwona anasita na kumtazama mama yake. Kisha akanong'ona, midomo haifunguki, "Shikamoo, babu." Baba, ambaye alikuwa amekatazwa kuongea, akaitikia kwa kichwa tu. Mwamuzi aliliona hilo. Akaenda dirishani kuutazama mlima ulio juu ya mji kwa muda mrefu sana.

Hatua sita baadaye mfalme wa Baba alikwama kati ya ngome zake na malkia wa mtoto. Akampa Zuhura mkono. Mama yake akamwekea Baba uji.

Njiani kurudi kwa shangazi Baba alitangulia. Hakusema kitu. Hata "mvua" hakusema, na manyunyu yalikuwa yanatupiga. Nilikuwa nyuma yake najua kabisa ninachokitazama: mgongo wa miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimemtoa kwenye ukimya, na nimemrudisha.

Shangazi alikuwa ameshapata habari. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mahindi. Kisha akamwona kaka yake, akanyamaza, akakumbuka ana kazi jikoni.

Baba akavua koti, akalikung'uta. "Kosa la ukurasa si lako," akasema bila kunigeukia. "Hilo ni la panya. Lakini huu mwaka mmoja, mama, huu ni wako."

"Ndiyo, Baba."

"Kila jioni nakuamkia, unaitikia, na unajua."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mazuri matatu. Yote yakapotea. "Niliogopa ukijua moja ni ya uongo utaona zote ni za uongo. Utauweka ubao juu ya kabati. Utanyamaza tena."

Akakaa. Akasugua magoti.

"Mimi sikunyamaza kwa kukosa mchezo," akasema. "Nilikuwa nimemkosa wa kunipinga. Mama yako alinipinga miaka thelathini na moja, hakuchoka hata siku moja. Sasa wewe ukinionea huruma, nani ananipinga?"

Nilitazama sakafu.

"Nyingine ngapi?" akauliza.

"Nini, Baba?"

"Kanuni za uongo."

Nikafikiria kudanganya. Kwa nusu dakika nzima. "Tatu," nikasema. "Na nusu."

Akaniangalia sasa, kwa mara ya kwanza tangu ukumbini. Ikabidi nizitaje. Kwamba askari akifika mwisho wa ubao hahitaji kupumzika zamu moja kwa sababu ya uchovu wa safari. Anageuka malkia hapo hapo. Kwamba wafalme wawili hawaruhusiwi kusimama jirani wazungumze suluhu. Kwamba kula si lazima. Hiyo tuliibeba kutoka kwenye drafti, na nikaiandika kwa sababu yeye aliisema kwa uhakika sana. Na ile nusu ni ya kumficha mfalme ngomeni: anakwenda hatua mbili, sisi tumekuwa tunampeleka moja.

"Hiyo ya kupumzika nilijua," Baba akasema. "Askari gani anapumzika mlangoni pa adui." Kisha akanyoosha mkono. "Lete daftari."

Ndiyo, lipo daftari. Nimeandika kila mchezo tuliocheza, nani kashinda, kwa wino wa rangi mbili. Naongoza kwa zaidi ya michezo mia mbili. Kila usiku kabla ya kulala nalipitia. (Nimesema hapa ni pa kukiri, nakiri yote.) Nikampa.

Akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho. Akaomba kalamu kwa shangazi. Akapiga mstari mmoja mrefu, uliopinda vibaya sana, kutoka juu hadi chini.

"Yote haihesabiki," akasema. "Imechezwa kinyume cha sheria. Sifuri kwa sifuri. Panga kete."

Nilizitoa mkobani pamoja na ubao, nikazipanga. Tumecheza kwa kanuni za kweli, kimya, kama watu wa mashindano. Amenishinda kwa hatua ishirini na tatu, kwa kutumia askari aliyefika mwisho bila kupumzika. Kisha ametoka nje, na namsikia hapo uani tangu nusu saa iliyopita anawasimulia majirani wa shangazi, watu ambao hajawahi kuwaona maishani mwake, jinsi alivyomfunga mwalimu wake. Hajafika hata nusu ya kisa.

Daftari linasoma Baba moja, mimi sifuri. Kama ni lazima mcheke, chekeni taratibu, sitaki akatizwe.